Shingo Nyeusi Si Uchafu

(Maneno niliyosema kwenye mkutano wa wazazi na walezi wa shule moja ya sekondari wilayani Ilemela, Mwanza. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Mkuu wa shule, mwenyekiti wa bodi, walimu, wazazi na walezi wenzangu: shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na wengine habari za asubuhi. Mwangaluka! Asanteni kwa kuitikia. Naona ajenda inayofuata baada yangu ni michango ya madawati, kwa hiyo najua leo hakuna atakayekuwa na haraka ya kunishusha jukwaani.

Mimi ni daktari wa watoto, na nimeombwa nizungumzie unene wa vijana wetu na homoni. Mzazi akiniletea kijana mnene, mara nyingi husikika moja kati ya sauti mbili. Mama anasema, "Daktari, huyu wala hali sana, ni homoni tu." Baba, kama amekuja, anasema, "Huyu ni mlafi na mvivu, basi." Nikilazimika kuchagua, nitakaa upande wa mama. Ila mama naye hajafika. Homoni za mwanawe, karibu kila mara, hazina ugonjwa wowote. Zinafanya kazi yake sawasawa kabisa. Kasoro iko kwenye habari tunazozipelekea kila siku: kwa soda, kwa usiku mfupi, kwa vidonge vya mtaani, kwa maneno yetu wenyewe. Hilo ndilo nililokuja kulisema.

Na wale wanaonong'ona kwamba haya ni mambo ya wazungu, wasikilize. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 1990 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 waliozidi uzito walikuwa asilimia 8 duniani. Mwaka 2022 walifika asilimia 20, zaidi ya watoto milioni 390. Hawaishi Ulaya na Marekani peke yake. Kaa nje ya geti la shule yoyote ya mjini hapa saa ya mapumziko, uangalie kinachonunuliwa.

Niliondoe kwanza lililo dogo, ugonjwa wenyewe wa homoni. Upo. Tezi ya thairoidi iliyoko shingoni ikizembea, mtoto anaongezeka uzito, anasikia baridi, anakuwa mzito hata wa kufikiri. Tezi zilizo juu ya figo zikimwaga homoni iitwayo kotisoli kupita kiasi, uso unakuwa wa mviringo na tumbo linatoka huku mikono na miguu ikibaki myembamba. Lakini ukiwapanga watoto wanene mia moja, wenye magonjwa haya hafiki hata mmoja. Nawaachia kipimo ambacho hakihitaji maabara: urefu. Mtoto aliyenenepa kwa chakula kwa kawaida ni mrefu kuliko wenzake wa darasani, au yuko sawa nao. Mtoto anayenenepa huku ameacha kurefuka, huyo ndiye anayenishtua. Mleteni wiki hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye shingo.

Kina mama, ninyi mnajua ninachokisema. Binti yuko kidato cha pili, shingo kwa nyuma imekuwa nyeusi kuliko uso wake, ngozi imekuwa nene, makwapani vilevile. Mama anachukua dodoki, anasugua. Haitoki. Anaongeza sabuni ya unga, anachukua jiwe la kusugulia miguu. Mtoto analia, shingo inachubuka, na shuleni wanamwita mchafu. Wazazi wangu, huo si uchafu. Ile ni insulini inaonekana kwa macho.

Insulini inatengenezwa na kongosho. Ukila ugali, viazi, wali, chochote chenye wanga au sukari, damu inajaa sukari, na insulini ndiyo inayofungua njia sukari hiyo iingie kwenye misuli na ini, na inayobaki igeuzwe mafuta na kuhifadhiwa. Hakuna uhai bila insulini. Binadamu wa kwanza kuchomwa sindano ya insulini alikuwa kijana wa rika la watoto wenu, Leonard Thompson, miaka 14, Januari 1922, jijini Toronto nchini Canada. Alikuwa na kilo zisizofika 30. Alikuwa anakula na anaisha, kwa sababu kongosho lake lilikwisha kukauka na mwili haukuweza kuweka akiba ya chochote.

Sasa mgeuze kijana huyo upande wa pili. Mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini, misuli inakuwa sugu kwa insulini, haiitikii tena vizuri. Kongosho halikati tamaa, linaongeza: mara mbili, mara tatu ya kawaida. Sukari ya damu inabaki nzuri kwa miaka, hata mkipima mnaambiwa mtoto yuko salama. Lakini insulini hiyo nyingi inazunguka mwili mzima, na mahali pengine haikuti usugu, inachochea. Kwenye ngozi ya shingo inachochea seli zizaliane, ndiyo weusi ule. Kwenye ovari za binti inachochea homoni za kiume, ndiyo ndevu za kidevuni, chunusi zisizoisha, na hedhi inayokuja mwezi huu na kupotea miezi mitatu. Mama anakimbilia kufikiria mimba, nyumba inawaka moto bure, na binti hana kosa lolote. Mkiona shingo, makwapa na hedhi vinasimulia habari moja, msiende dukani kutafuta krimu. Njooni tupime sukari, shinikizo la damu na ini. Kongosho linalofanya kazi mara tatu halitafanya hivyo milele. Siku likichoka, hiyo ndiyo kisukari aina ya pili, ambayo zamani tuliijua kama ugonjwa wa watu wazima.

Na hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawajawahi kuambiwa. Balehe yenyewe, hata kwa mtoto mwembamba kama fito, inaleta usugu wa insulini. Homoni ya ukuaji inapopanda, uwezo wa mwili kuitikia insulini unashuka kwa robo hivi au zaidi, unafika chini kabisa katikati ya balehe, halafu unarudi wenyewe ukuaji ukiisha. Ni mpango wa maumbile. Kijana mwembamba anavuka bila kujua. Aliyeingia balehe akiwa tayari mnene anaongezewa mzigo juu ya mzigo. Ndiyo maana hatumngojei "atapungua akikua".

Hata hivyo, tusiogope kila sahani. Mvulana wa miaka 14 anaweza kurefuka sentimita 9 kwa mwaka mmoja, msichana wa miaka 12 sentimita 8. Urefu huo unajengwa kwa chakula. Kijana anayemaliza ugali wa watu wawili na kurudi kuchungulia sufuria, suruali zake zikawa fupi kila muhula, huyo si mlafi. Mwongezeeni maharage. Na wavulana wanaoota vifua vidogo kama matiti wakati huo, wengi tu, waambieni kwamba kwa kawaida vinaondoka vyenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, na wakaka zao waache kuwacheka.

Lakini je, mtoto anajuaje kwamba ameshiba? Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman jijini New York iligundua homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe, ikaitwa leptini. Tulikuwa tukidhani mafuta ya mwili ni akiba iliyolala tu. Kumbe ni tezi. Kadiri mafuta yanavyoongezeka, leptini inaongezeka, inapanda hadi sehemu ndogo chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi na kusema: akiba ipo, acha kula, sasa unaweza kukua, unaweza hata kubalehe. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa bila leptini kabisa. Mmoja, msichana wa miaka 8, alikuwa na kilo 86. Alikuwa na njaa kila dakika ya maisha yake. Walipoanza kumchoma leptini, njaa ikakatika na kilo zikaanza kushuka. Baba uliyesema "mlafi", mfikirie mtoto yule kabla hujarudia neno hilo. Kuna njaa isiyoshindwa kwa adabu.

Mtaniuliza, basi si tuwachome wote leptini? Walijaribu. Haikusaidia, kwa sababu watoto wetu wanene leptini wanayo tele. Ubongo wao ndio hausikii. Mtu aliyepanga jirani na mashine ya kusaga hapa Mabatini, wiki ya kwanza hapati usingizi, mwezi wa tatu anakuambia "mashine ipi?" Ndivyo ubongo unavyoizoea leptini iliyopanda mfululizo. Na mtoto akijinyima kula kwa wiki mbili, leptini ikashuka kidogo, ubongo huo unasikia jambo moja tu: njaa imeingia nchini. Unapandisha hamu ya chakula na kubana matumizi ya nishati. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, waliwafuatilia watu wazima waliopungua uzito kwa mlo mkali. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijarudi kawaida. Kwa hiyo binti anayeruka chai ya asubuhi na chakula cha mchana ili apungue, jioni akashindwa na sahani ya chipsi mayai, hakushindwa kwa sababu ya udhaifu. Alikuwa anashindana na mwili mzima.

Nije kwenye usingizi, na hapa nitawakera walimu. Tumbo tupu linatoa homoni nyingine, grelini, iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999. Inapanda kabla ya mlo na kushuka ukishakula. Mwaka 2004 huko Chicago waliwalaza vijana wa kiume wenye afya kwa muda wa saa nne tu, usiku mbili mfululizo. Leptini ikashuka asilimia 18, grelini ikapanda asilimia 28, na hamu waliyoitaja zaidi ilikuwa ya vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Usiku mbili tu!

Kijana anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Balehe pia inachelewesha saa ya mwili: homoni ya usingizi, melatonini, inaanza kutoka saa moja au mbili baadaye kuliko alipokuwa mdogo, kwa hiyo saa tatu usiku hana usingizi kweli, hakudanganyi. Sasa fanyeni hesabu. Mtoto anakaa Kisesa au Buhongwa, anaamka saa kumi na moja alfajiri awahi daladala, namba ya wahi imesomwa saa moja, jioni ana tuisheni, anafika nyumbani giza limeingia, anaosha vyombo, anafanya kazi za shule, halafu simu hadi saa sita. Amelala muda wa saa tano tu. Kesho saa nne asubuhi homoni zake zinamtuma kwenye andazi na soda, na sisi tunaita tabia mbaya. Mkuu wa shule, mimi si mtaalamu wa elimu, lakini sioni kipindi cha ziada cha alfajiri kinachostahili bei hiyo. Na ninyi wazazi, simu ilale sebuleni. Yenu pia, maana watoto wanaona.

Kuhusu chakula sitasema mengi, mnajua kupika kuliko mimi. Sina vita na ugali. Nina vita na sukari ya kunywa. Chupa ya soda ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, kama vijiko 9 vya chai, na kalori za kunywa hazishibishi kama za kutafuna: mtoto anakunywa, halafu anakula kama kawaida. Juisi za pakiti ni ndugu zake. Upande wa kushibisha, utumbo mwembamba sehemu yake ya mwisho unatoa homoni zinazoambia ubongo "inatosha", na zinaamshwa vizuri na protini na nyuzinyuzi. Mji huu una soko la samaki la Mwaloni, jamani. Dagaa, sato, maharage, mchicha, kisamvu, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, badala ya biskuti. Watu wanasafirisha dagaa wetu nje ya nchi, sisi tunawapa watoto soseji.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali mwaliko huu. Wasichana wetu, na siku hizi hata wavulana, wanameza vidonge vya kunenepa. Wanaviita vya kuongeza shepu. Vinauzwa kwa kunong'ona, vingine kwenye vikaratasi bila jina. Mara nyingi ndani yake kuna vitu viwili. Cha kwanza ni dawa ya mzio, siproheptadini, inayozima breki za hamu ya kula na kumfanya mtoto asinzie darasani. Cha pili ni deksamethasoni au prednisoloni, yaani kotisoli ya kiwandani yenye nguvu kuliko ile ya mwili. Ongezeni hapo mkorogo wa kujichubua: krimu nyingi za namna hiyo zina klobetasoli, steroidi kali ya jamii hiyohiyo ya kotisoli inayopenya ngozi na kuingia kwenye damu.

Dawa hizi hazichagui pa kunenepesha. Zinajaza uso, shingo na tumbo, zinakondesha miguu, zinaacha michirizi ya zambarau kwenye mapaja, zinapandisha sukari, zinadhoofisha mifupa, na kwa mtoto zinasimamisha urefu. Kubwa zaidi, tezi za juu ya figo zikiona kotisoli inaingia kutoka nje, zinaacha kazi. Siku binti akiishiwa hela na kuacha vidonge ghafla, hana kotisoli yake wala ya dukani. Akipata malaria kidogo au kuhara, presha inaanguka, anaweza kufa. Nawaomba sana: ukigundua mwanao anatumia, usivitupe chooni kwa hasira. Mlete pamoja na vidonge vyenyewe, tutampunguzia taratibu. Na yule aliyeandikiwa prednisoloni hospitalini kwa pumu au figo, asiache kwa sababu ya maneno yangu haya. Arudi kwa daktari wake.

Hawa watoto wametoa wapi hamu hiyo ya kunenepa? Tumewafundisha sisi. Mtu akinenepa tunasema amenawiri, akikonda tunauliza anaumwa nini. Halafu mtoto wa pili, aliyenenepa kweli, tunamwita bonge, tipwatipwa, mezani mbele ya wageni. Dhihaka ya kila siku ni msongo, msongo unapandisha kotisoli, na kotisoli inapandisha hamu ya vitamu na kuweka mafuta tumboni. Ukimtukana ili apungue unamwongezea.

Wengine mnashangaa kwa nini kwenye nyumba moja mtoto wa mwisho amedumaa na dada yake amenenepa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na mambo haya mawili ni ndugu. Uholanzi ilipigwa na njaa kali majira ya baridi ya 1944 na 1945. Wavulana waliokuwa tumboni nusu ya kwanza ya mimba wakati wa njaa ile, walipopimwa jeshini wakiwa na miaka 19, wanene miongoni mwao walikuwa wengi kuliko kwa wenzao. Mwili uliojifunza uhaba mapema unashika akiba kwa nguvu chakula kikifika. Lishe ya mama mjamzito wa Igogo leo ni habari ya kijana wa kidato cha tatu baadaye.

Na mazoezi? Hapo nitawashangaza kidogo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, majirani zetu tu, wanatembea na kuwinda kutwa. Watafiti wa Marekani walipopima, matokeo yakatoka mwaka 2012: ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe hatumii nishati nyingi kwa siku kuliko karani wa Marekani. Mwili unabana kwingine. Basi msimkimbize mtoto ili "achome" soda. Hesabu hiyo hailipi. Mazoezi yana faida nyingine: msuli unaofanya kazi unavuta sukari bila kungoja insulini, na usugu unalegea kwa saa nyingi baadaye. Mji huu umejaa milima ya mawe. Mtoto anayekaa Isamilo au Igogo ashukie bodaboda chini, apande kwa miguu.

Lengo letu nalo si kumkondesha kila mmoja. Kijana ambaye bado anarefuka, mara nyingi inatosha uzito usimame mahali ulipo, urefu uufikie. Msitumie jedwali la watu wazima. Kuna chati za umri wake, za mvulana na za msichana.

Nimeona mkono kule nyuma umekuwa juu muda mrefu. Mama anauliza kuhusu sindano za kupunguza uzito anazoziona kwenye simu. Zipo, na ni za kweli. Zinaiga mojawapo ya zile homoni za utumbo zinazosema "inatosha". Dawa ya kwanza ya jamii hiyo ilitokana na mate ya mjusi mwenye sumu wa jangwa la Marekani, Mungu ana mambo. Semaglutaidi, mojawapo ya sindano hizo, iliruhusiwa Marekani kwa wanene wa kuanzia miaka 12 mwishoni mwa 2022. Inaleta kichefuchefu, ni ghali, na ukiiacha njaa inarudi, kwa sababu ileile niliyoieleza ya ubongo na leptini. Kwa baadhi ya vijana wagonjwa sana ina nafasi, chini ya daktari. Ile ya kuletewa na mtu wa Instagram kwenye mfuko wa rambo, hapana.

Mnaotaka kuwaleta watoto, njooni na kadi ya kliniki ya utoto kama bado ipo, tuone alivyokua. Msimlazimishe kufunga kula siku hiyo bila kuambiwa. Na leteni kila kidonge na kila krimu anayotumia, pamoja na zile za mama.